Kisiwa Kilichochaguliwa kwa Hofu

Jumamosi iliyopita baadhi yetu tulisafiri hadi Calais, mpakani mwa Maine na Kanada, kukiona kisiwa cha Saint Croix. Wageni hawahimizwi kuvuka, na huko kuna makaburi. Unakitazama kutoka bara, ukipita njia yenye sanamu za shaba za Wafaransa na za Wapassamaquoddy, wenyeji wa nchi hiyo.

Kiongozi wa Wafaransa hao, Pierre Dugua, na mchora ramani wake Samuel Champlain walifika hapo na watu wao Juni 1604. Walichagua kisiwa kwa kuwa ni rahisi kukilinda, wakapanga mizinga. Theluji ikaanza mapema Oktoba. Mto unaokizunguka kisiwa ukajaa mapande ya barafu yaliyopanda na kushuka na maji ya bahari, mashua zisipite, na kuni na maji matamu viko ng'ambo. Wakanywa theluji iliyoyeyushwa. Mvinyo wa tufaha uliganda hata ukagawiwa kwa ratili. Kisha kiseyeye: fizi zikaoza, meno yakang'oka kwa vidole. Kati ya wanaume 79, 35 walikufa.

Walikuwa na padri na mchungaji wa Kiprotestanti pia. Champlain anasimulia kwamba aliwaona watumishi hao wakipigana ngumi kwa ajili ya dini. Nami ni mchungaji. Habari hiyo imeniuma.

Mwezi Machi wakaja Wapassamaquoddy na nyama ya mawindo, wakabadilishana kwa mikate. Wenyeji, si mizinga, ndio walioleta nyama mpya ambayo miili ile iliihitaji! Someni Matendo 28, jinsi watu wa Malta walivyomwashia Paulo moto siku ya mvua na baridi. Paulo hakuwa na ngome. Alikuwa amelowa tu.

Wengi wetu hapa Maine tumetoka Kongo, Rwanda na Burundi, na tunajua hofu ya ugenini. Lakini mwaka 2019, ukumbi wa Expo mjini Portland ulipogeuzwa malazi ya waomba hifadhi, zilikuwapo familia za wenyeji zilizowafungulia milango ya nyumba zao.

Nawasihi basi, kabla baridi haijafika, kila nyumba imtembelee jirani mmoja ambaye hamjawahi kuzungumza naye. Msingoje Kiingereza kinyooke. Pikeni chai, mpelekeeni, na mkialikwa, ingieni mketi.