Je, Ni Halali Kununua Baridi?



Jioni moja, baada ya mafundisho ya vijana hapa Mwembesongo, kijana mmoja aliuliza neno lililotuchekesha sote. Alikuwa ameona katika simu yake picha za nyumba ya wageni iliyojengwa kwa barafu huko Uswidi. Akasema, "Mchungaji, mtu mwenye nyumba ya joto akitoa fedha nyingi ili alale katika baridi kali, je, si dhambi?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru twalijua joto la Morogoro katika mwezi wa Desemba, wala hatudhani kwamba baridi ni kitu cha kutafutwa kwa fedha. Nikamjibu upesi kwamba ni upuuzi wa matajiri, tukafunga kwa sala, tukaenda zetu. Lakini jibu langu lilikuwa jibu la mtu mvivu. Tangu siku ile nimelifikiri neno hili, na leo nataka kumjibu tena, nanyi mkisikia.

Kwanza yafaa tujue habari zenyewe. Nyumba ile iko Jukkasjärvi, kaskazini kabisa ya Uswidi, nchi ambayo Wakristo wake wengi ni Walutheri kama sisi. Watu hukata vipande vikubwa vya barafu katika mto Torne, wakavijenga kuwa kuta na vitanda, na wageni hulala juu ya ngozi za wanyama, na baridi ya chumbani ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Majira ya baridi yakiisha, sehemu kubwa ya nyumba hiyo huyeyuka ikarudi mtoni, na mwaka wa pili hujengwa nyingine.

Walakini hatuna haja ya kwenda hata Uswidi. Katika nchi yetu wenyewe iko nyumba ya barafu isiyojengwa kwa mikono ya watu. Juu ya Kibo, ndani ya shimo la mlima, karibu mita 5,700 juu ya bahari, kiko kituo cha kupiga mahema. Karibu nacho ni mabaki ya barafu iitwayo Furtwängler, kwa jina la Mjerumani aliyepanda mwaka 1912. Wengi wa wapandao mlima hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakashuka siku ile ile. Bali wako wachache ambao huongeza fedha ili walale usiku mmoja humo shimoni pamoja na kiongozi wao. Usiku maji huganda katika chupa, na nguvu ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, hata mtu akijigeuza tu malaloni huhema kama aliyekimbia.

Je, jambo hili ni dhambi kwa lenyewe? La. Mlima huu si mgeni kwa kanisa letu. Johannes Rebmann, mzaliwa wa Württemberg, aliuona weupe wake tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita "baridi" tu. Rebmann alitambua kwamba ni theluji, akaandika hivyo, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Baadaye Dr. Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, alipanda Kibo mara nyingi sana. Mwaka 1926 aliona huko juu chui aliyekufa na kukaushwa na baridi, na shimo la ndani la Kibo laitwa kwa jina lake hata leo. Sijasikia mtu akimlaumu kwa kupanda. Mungu alipomwuliza Ayubu kama amepata kuziingia ghala za theluji, hakumkataza kuzitazama. Alimfundisha udogo wake. Mtu aliyekesha usiku mmoja akitetemeka aweza kurudi nyumbani amejifunza udogo wake, asimcheke tena maskini asiye na blanketi. Hili ni faida.

Ila na asijidanganye. Baridi ya kununuliwa ina mlango wa kutokea. Aliyelala Jukkasjärvi ajua kwamba asubuhi ataletewa kinywaji cha moto. Na alalaye Kibo ajua kwamba kesho atashuka. Lakini mtu alalaye barazani mwa duka, au mjane ambaye paa lake linavuja, hana asubuhi ya namna hiyo. Basi mgeni asiite mchezo wake mateso, wala asijisifu kana kwamba ameyashiriki mateso ya maskini.

Mpaka hapa neno ni rahisi. Ugumu wake ni huu: mtu hapandi Kibo peke yake. Rebmann aliandika habari nyingine aliyosimuliwa huko Machame. Mangi wa zamani, jina lake Rengua, alitamani kujua weupe ule ni kitu gani. Hakwenda mwenyewe, alituma watu. Kwa habari hiyo, mmoja tu ndiye aliyerudi, na mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Mangi alipata habari aliyoitamani, na waliolipa ni wengine.

Weka mfano huu kando ya mfano wa Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23. Daudi naye alitamani: alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na adui walikuwa wamekizunguka. Mashujaa watatu wakapenya jeshi la adui, wakayateka, wakamletea. Lakini Daudi alipoyaona hakuweza kuyanywa; aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa machoni pake yalikuwa kama damu ya watu walioziponza nafsi zao. Kutamani kwake hakukuwa kosa kubwa. Bali alijua kuuliza: kitu hiki kimegharimu nini, na aliyelipa ni nani?

Siku hizi mgeni akilala shimoni mwa Kibo, hema lake limechukuliwa na mpagazi, na chakula chake, na meza yake, na godoro lake. Sheria ya mlima yasema kwamba mzigo wa mpagazi usipite kilo 20, naye huupandisha katika hewa ile ile nyembamba. Kijana mmoja aliyepata kufanya kazi hiyo alinieleza kwamba wageni walipokwisha kula, yeye na wenziwe walilala katika hema la kulia chakula, wakijibana kwa baridi, na viatu vyake vilikuwa vya kuazima, vimemzidi mguu. Mgeni wake asubuhi alimsalimu kwa furaha, akamwuliza kama naye ameziona nyota.

Mtu atasema, "Mpagazi naye amechagua, wala hakulazimishwa." Neno hili lina kweli ndani yake, wala tusilidharau. Tukiwafukuza wageni mlimani, watoto wa wapagazi watakosa karo, na huko si kuwapenda. Lakini yafaa kupambanua. Mgeni amechagua baridi. Mpagazi amechagua ujira. Baridi haikuwa katika hesabu zake, ila imefuatana na ujira, na njaa ya nyumbani ndiyo iliyomsukuma asiulize mengi. Basi aliyechagua baridi hana budi kumkinga nayo yule asiyeichagua. Wako wanaofanya hivyo. Tangu mwaka 2003 uko mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima mavazi ya baridi bila malipo, na kuangalia kama wanalipwa na kulishwa ipasavyo. Hii ni kazi ya rehema, ingawa haifanyiki kanisani.

Nilipokuwa nimeandika mpaka hapa niliweka kalamu chini, maana dhamiri ilinishika. Mwaka mmoja, siku za kipupwe, nalikwenda kuwazuru Wakristo katika vijiji vya juu vya Uluguru. Kijana wa usharika alinichukulia sanduku, na kanzu, na blanketi zangu, tukapanda tangu asubuhi. Jioni ukungu ukashuka, na baridi ikaingia mifupani. Wenyeji wetu wakanipa kitanda, nikajifunika blanketi mbili, nikalala usingizi mwema. Asubuhi nikaongoza sala, nikamshukuru Mungu kwa usiku wa amani. Kisha nikaenda jikoni, nikamkuta kijana yule karibu na majivu, amejifunika gunia, midomo yake inatetemeka. Akasimama, akasema, "Shikamoo, Mchungaji," akauliza kama sanduku li tayari. Naliitikia, nikampa sanduku. Sikumwuliza amelalaje.

Ndugu zangu, sikununua baridi. Nalinunua joto langu, na baridi nikamwachia mwingine, naye ndiye aliyezipandisha blanketi zile. Nimemcheka tajiri wa Kibo, kumbe mimi ni ndugu yake. Torati katika Kutoka sura ya 22 yaagiza kwamba mtu akiweka rehani vazi la jirani yake, amrudishie kabla ya jua kuchwa, kwa sababu maskini yule hana kitu kingine cha kujifunika. Naye akimlilia Mungu, Mungu atasikia. Naliisoma sura hiyo chuoni, nikaijibia katika mtihani, wala sikuikumbuka jikoni. Nimekwisha kumwendea kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, nikamwomba radhi. Alicheka, akasema amesahau. Sidhani kwamba amesahau.

Basi jibu langu kwa kijana wa Mwembesongo ni hili: kulala katika barafu si dhambi, na kulala katika joto si haki. Kabla hujalala, mahali po pote, uliza aliyekuchukulia mzigo amelala wapi, na amejifunika nini. Nanyi waalimu, mkipokea wageni wa kanisa, msituandalie sisi wachungaji tu. Mwandalieni na yule aliyebeba sanduku, nasi tukisahau mtukumbushe bila hofu.

Barafu ya Kibo inakwisha. Tangu mwaka 1912 hata mwaka 2000 zaidi ya sehemu nane katika kumi zilitoweka, na yamkini wajukuu wetu hawataiona. Lakini usiku ambao mwenzetu alitetemeka kwa ajili yetu hauyeyuki mbele za Mungu, mpaka tumekwenda kuungama na kutengeneza. Bwana atupe macho ya kuona mapema kuliko nilivyoona mimi. Amina.