Jembe si Adhabu

Apitaye asubuhi karibu na shule nyingi za nchi yetu, mjini na shamba, huwakuta watoto kadhaa wameinama nje ya madarasa. Mmoja ana jembe, wa pili ana fyekeo, wa tatu anahangaika na kisiki. Akiuliza wamekosa nini, ataambiwa: huyu alichelewa namba, yule alipiga kelele darasani, na yule wa kisiki alimjibu mwalimu vibaya. Wenzao wasio na kosa wamo ndani wakisoma. Wakosaji wako nje, wanalima.

Jambo hili tumelizoea hata hatulioni tena. Lakini tukikaa tukalitafakari, twaona kwamba katika saa ile watoto wote wamefundishwa somo moja, walio nje na walio ndani pia, nalo ni somo lisiloandikwa katika mtaala wowote: kwamba jembe ni malipo ya kosa. Jioni watoto hao hurudi nyumbani, wakamkuta baba anatoka shamba na jembe begani. Yeye amekosa nini?

Wala sisi wazazi hatuna haki ya kuwalaumu walimu peke yao. Ni wangapi kati yetu ambao hawajapata kumwambia mtoto mvivu wa kusoma, "Shauri yako, utakuja kulima kama mimi"? Twasema hivyo kwa mapenzi, maana twataka apate maisha mepesi kuliko yetu. Walakini neno hilo lina sumu ndani yake. Humwambia mtoto kwamba wazazi wake ni mfano wa watu walioshindwa, na kwamba shule ni njia ya kuwakimbia.

Basi swali twalolileta leo mbele ya wasomaji wetu ni hili: Je, shule inayomfundisha mtoto kuidharau kazi ya watu wake yaweza kuijenga nchi yake?

Husemwa kila siku kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na ya kuwa taifa lisilosomesha watoto wake haliwezi kuendelea. Twakubali kwa moyo wote. Pasipo shule hatungekuwa na waganga wa hospitali, wala wahandisi wa barabara, wala mahakimu, wala walimu wenyewe. Ila tukumbuke kwamba ufunguo hufungua mlango wa kuingilia na wa kutokea vilevile. Kijana aliyesoma yaweza kuwa ameingia kwa watu wake na nuru mkononi. Tena yaweza kuwa ametoka, akafunga mlango nyuma yake. Vyeti vyao vyaweza kufanana, wala mkaguzi wa shule hataona tofauti. Nchi ndiyo itakayoiona.

Kabla ya kuwahukumu wazazi, lakini, yafaa tusikilize historia yao. Zamani za utawala wa Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Waafrika ifuate maisha yao ya kila siku: kilimo, afya, na kazi za mikono. Kwa maneno shauri hilo halikuwa baya. Lakini wazee wetu walikuwa na macho. Waliona kwamba mtoto wa bwana mkubwa alipewa vitabu, na ya kuwa vitabu ndivyo vilivyompandisha katika kiti cha kutoa amri. Hata katika miaka ya 1950, shule za kati zilipoongezewa kazi za shamba, wazazi wengi walinung'unika. Walihofu kwamba mtoto wao anapewa jembe ili anyimwe kalamu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Tanganyika ikapata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mgawanyo wa shule kwa rangi ukafutwa. Swali la jembe na kalamu likabaki. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kabla ya kujitoa kabisa kwa siasa alikuwa amefundisha Tabora na Pugu, alitoa kijitabu chake "Elimu ya Kujitegemea". Humo alionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa shule ya msingi ni wapatao 13 tu waliotazamiwa kupata nafasi katika sekondari. Hali masomo yote yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya safari ya hao 13. Wale 87 waliondoka wakijiona wameanguka, ingawa hawakuwa wamefanya kosa lolote. Akataka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi kweli.

Mwezi uo huo, tarehe 26 Machi 1967, Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake "Populorum Progressio" juu ya maendeleo ya mataifa. Alifundisha kwamba maendeleo ya kweli hayaishi katika kuongeza mali, bali ni ya mtu mzima, mwili na roho, na ya kila mtu. Tena akaiweka elimu ya msingi mbele katika kazi za taifa litakalo kuendelea. Mmoja aliandika Tanzania, mwingine Roma. Wote wawili waliuliza habari za mtu yule yule, yaani yule ambaye mipango mikubwa humsahau.

Ni nini kilichofuata? Haki yataka tuseme mema kwanza. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na akina mama na wazee wakakaa chini ya miembe wakajifunza kuandika majina yao. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika hawafiki hata mmoja katika watu wazima kumi. Kazi hiyo ilifanywa na nchi maskini, nayo ni heshima ambayo hatuna budi kuitunza.

Lakini shamba la shule halikufanikiwa hivyo. Mahali pengi mtoto alilima asielezwe kwa nini mbegu hupandwa kwa nafasi ile. Alivuna asione hesabu ya mavuno. Na saa ya shamba ikawa saa ya mwalimu kupumzika. Kilichokusudiwa kuwa somo kikawa kazi tu, na kazi isiyo na maelezo haina tofauti na adhabu. Hapo ndipo maneno mazuri yalipopotea.

Kwa hiyo twaona kwamba yako majembe ya namna tatu, nayo hayafai kuchanganywa. Liko jembe la adhabu, linalomwaibisha mtoto. Liko jembe la kutumikishwa, ambalo mtoto hulishika kwa faida ya mtu mwingine. Na liko jembe la elimu. Mtoto ashikaye hili la tatu hupima robo eka kwa hatua zake, na hiyo ni hesabu. Huuliza kwa nini mahindi ya upande huu yamekuwa manjano, na hiyo ni sayansi. Huandika mvua ilinyesha siku ngapi, akauza mavuno, akasoma mbele ya wenzake fedha zimepatikana ngapi na uji wa mchana umegharimu ngapi. Mtoto huyo, akienda sekondari, ataenda na akili iliyonolewa. Asipokwenda, hatarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa nini twasema haya leo? Kwa sababu nchi imekwisha kufungua milango mingi. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hata kidato cha nne katika shule za serikali, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Mwezi wa Novemba 2021 ilitangazwa kwamba binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito aweza kurudi darasani. Na sera ya elimu, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, tena ikaweka katika sekondari mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, ili vijana wasome kilimo, ufundi na kazi nyingine kama masomo kamili.

Sisi twaupokea mkondo huu kwa furaha na kwa hofu pia. Majengo yatapatikana, na mashine, na vitabu. Lakini kama mkuu wa shule atawapeleka huko wale tu wenye alama ndogo, kama mzazi atalia siku mwanawe apangiwapo useremala, na kama majirani watampa pole, basi amali itakuwa kisiki kile kile cha asubuhi, ila kimejengewa karakana.

Yuko mzazi atakayetujibu kwa uchungu: "Ninyi waandishi mwasema jembe ni heshima. Mbona watoto wa wakubwa hawalishiki? Mwataka wangu alime, wao watawale?" Mzazi huyo ana haki ya kuuliza, wala hatutamjibu kwa hotuba. Twasema naye kwamba mpango wowote wa kazi za mikono uliowekwa kwa watoto wa maskini peke yao ni dhuluma, hata ukipambwa kwa majina mazuri. Mtoto wa mkulima mwenye kipaji cha sheria na apelekwe kwenye sheria. Mtoto wa mkurugenzi mwenye mikono ya ufundi asionewe haya. Na yule wa amali asifungiwe njia ya masomo ya juu akiyaweza. Kipimo cha haki ni hiki: kila atoaye shauri juu ya watoto wa wenzake ajiulize kama angelikubali kwa wake.

Kwa Mkristo jambo hili si la siasa tu. Bwana wetu aliitwa mwana wa seremala, naye miaka yake mingi duniani aliishi Nazareti katika nyumba ya kazi. Mtakatifu Paulo, mtu aliyesoma sana, alishona mahema. Na wazee wa kusini watakumbuka abasia ya Peramiho, na karakana zake za useremala na uhunzi: mtawa aliyeimba zaburi alfajiri alionekana saa chache baadaye ameshika randa, wala hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba ameadhibiwa. Aliyeumbwa kwa sura ya Mungu hashushwi na kazi ya halali. Hushushwa anapodharauliwa kwa ajili yake.

Tufanye nini basi? Hatungojei serikali kwa mambo tuwezayo wenyewe. Walimu twawaomba jambo dogo: wajaribu kwa muhula mmoja kuliondoa jembe katika orodha ya adhabu. Mchelewaji akabaki darasani jioni kumaliza alichokikosa, na shamba likawa mahali pa kwenda kwa zamu, kama maabara. Wazazi twawaomba waangalie ulimi. Badala ya kumtisha mtoto kwa shamba, mzazi amwulize shamba lenyewe limkalishe vipi na elimu yake: "Wamekufundisha nini kitakachotusaidia mwaka huu?" Swali hilo humfanya mtoto kuwa mshauri wa nyumba yake, naye huona kwamba masomo yake yanangojewa.

Na ninyi mliosoma, mnaorudi nyumbani wakati wa Krismasi na nguo safi na zawadi za sukari, mpokelewe kwa shangwe, maana mmestahili. Lakini asubuhi moja kati ya hizo, ondokeni mapema mwende shamba na wazee wenu. Msiende kupiga picha. Mlime mstari mmoja mpaka mwisho, hali wadogo zenu wanatazama. Mtakuwa mmewafundisha somo ambalo shule imelisahau.

Taifa letu lilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 61, na wengi wao hula kwa jasho la mkulima. Hatuwezi kuwasomesha watoto hao wamwonee haya anayewalisha, kisha tukashangaa kwamba nchi haiendelei. Yule baba tuliyemwona jioni akitoka shamba hakukosa lolote. Ada ya daftari ilitoka katika jembe lile. Mtoto wake na ajue hivyo, na mwalimu wake amwambie.