Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Ninyi mliobandika maneno hayo ukutani kwa herufi nyekundu, pembeni mwa picha ya Kaaba au ya Moyo Mtakatifu, leo nina neno nanyi. Ninalo pia kwa fundi wenu na winga wenu, yule dalali wa barabarani, na kwa mteja wenu, ambaye naye si malaika.

Mnauza saa janja. Boksi limewekwa mbele kwenye kioo, na juu ya boksi kuna kijana anaogelea, saa mkononi, maji yanamrukia usoni. Binti anauliza, "Hii haiingii maji?" Mnacheka. "Dada, hii unaoga nayo, unaogelea nayo, unalala nayo. Na waranti mwaka mzima." Anatoa laki mbili na nusu, anazihesabu mara mbili, anafungiwa mkanda, anaondoka huku akiutazama mkono wake. Ahadi yenu inakufa hapo hapo, kabla hajavuka Mtaa wa Msimbazi.

Wiki ya tatu kioo kinakuwa cheusi, anarudi. Kijana wa kaunta, yule yule aliyemwita dada, anaipokea saa kwa vidole viwili na kuipeleka nyuma ya pazia. Fundi anapenyeza wembe pembeni, anabandua mgongo wa saa, anaiinamishia taa. Ndani kuna kistika kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho huwa cheupe na kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Kimegeuka. "Imeingia maji, dada. Waranti haihusiki na maji."

Mlimwambia haiingii. Sasa imeingia, na kosa ni lake!

Nisikilizeni vizuri ninyi mnaokitumia kistika kile kama hati ya hukumu. Kistika kinajua kwamba unyevu ulifika. Hakijui ulifikaje. Hakijui kama mpira wa kuzuia maji ulikaa upande tangu kiwandani, au kama gundi ilikauka ndani ya bohari, chini ya bati. Hakijui kama ni bahari ya Kigamboni au ni jasho la abiria aliyesimama kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni. Saa ya mkononi huvaliwa mkononi, na mkono wa mtu wa pwani unatoka jasho. Kifaa kisichoweza kuvumilia ngozi ya anayekivaa kina kasoro, na kasoro ni mzigo wa aliyeuza.

Na ile namba iliyoandikwa mgongoni, 5 ATM, mmemwambia nini juu yake? Mmemwambia mita 50, naye akawaza kina cha bahari. Hamkumwambia kwamba ni kipimo cha maabara, shinikizo sawa na la maji yaliyotulia kwenye kina hicho, saa ikiwa mpya. Hamkumwambia kwamba mvuke wa maji ya moto, sabuni na chumvi vinaudhoofisha ule mpira, na kwamba uwezo huo hupungua kadiri siku zinavyopita. Pengine hata ninyi hamjui. Basi mlitoa wapi ujasiri wa kumwambia aoge nayo?

Waislamu kati yenu mmesimuliwa tangu madrasa: Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasingizia mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiweke kilicholowa juu watu wakione. Wakristo mnamjua Amosi, aliyewafokea wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa ili sabato iishe wafungue vibanda na vipimo vyao vilivyopunguzwa. Hizo ni kesi za zamani, na ndizo kesi zenu. Tofauti ni kwamba mlaghai wa zamani alificha unyevu ili auze. Ninyi mnautafuta unyevu baada ya kuuza, ili msirudishe.

Msije mkafarijiana kwamba huu ni uchuuzi wa vibandani tu. Wakubwa ndio waliowafundisha. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10: simu zake zilitangazwa kuwa zinastahimili maji bila kueleza wazi kwamba ni katika hali maalumu za maabara, na zilipoharibiwa na maji, waranti ikakataa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Fitbit, watengenezaji wa saa hizi hizi, dola milioni 11 za nchi hiyo. Wateja waliokuwa na vifaa vibovu walikuwa wameambiwa kwamba hawana haki ya kurudishiwa pesa kwa kuwa hawakurejesha bidhaa ndani ya siku 45. Wengine walipewa saa nyingine badala ya mbovu, nayo ikaharibika, wakaambiwa muda wa waranti ya ile ya kwanza umeshapita. Kampuni ilikiri. Wateja waliotajwa katika kesi hiyo walikuwa 58. Hamsini na wanane! Idadi hiyo Kariakoo huifukuza mchana mmoja, na Luthuli Avenue ya Nairobi huenda ikaimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Na mnawafukuza kwa adabu, hilo nalikubali. Hamtukani. Mnawapiga danadana. Bosi hayupo. Bosi kaenda China. Tumeituma Dubai, njoo Jumatatu. Jumatatu kijana wa kaunta amebadilika, wa leo haijui saa yenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi Mbagala inakula mshahara wa binti kidogo kidogo hadi anaona heri aache. Kuchoka kwake ndiko mtaji wenu. Mmejenga biashara nzima juu ya hesabu kwamba maskini atachoka kabla yenu.

Winga, wewe usijifiche nyuma ya wenye maduka. Ulimdaka mteja barabarani, ukamwapia kwa mama yako mzazi kwamba saa ni orijino, ukamwongezea elfu arobaini juu ya bei, ukaichukua kwenye duka ambalo yeye hakuliona. Leo namba yako haipatikani.

Lakini kuna jambo zito kuliko kioo kilichozima. Mnauza saa mnazosema zinapima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kuipima sukari peke yake kwa njia hiyo. Hata hivyo mnamwambia mzee mwenye kisukari, "Babu, achana na vile vijisindano." Naye anaachana navyo. Saa inamwonyesha namba nzuri asubuhi na namba nzuri jioni, anapanga sindano yake ya insulini kwa kuzifuata. Hii haina haja ya kistika. Haikuharibika, haikuwahi kufanya kazi hiyo hata siku moja. Ole wenu kwa babu huyo. Watakapomwinua na kumkimbiza hospitali usiku, saa bado itakuwa mkononi, inang'aa, ndani ya waranti.

Nawe mteja, usitabasamu. Ulipoulizwa, "Na risiti au bila risiti?" ukachagua bila, kwa sababu ilipunguza bei kidogo. Mamlaka ya Mapato imepiga kelele miaka mingi kwamba ukinunua udai risiti, ukadhani ni shida yao na kodi yao. Sasa unapiga meza ukidai haki ya mauziano ambayo mwenyewe ulikubali yasiandikwe popote. Na wako wengine, nawajua, mlipiga mbizi na saa kule Kizimkazi, Zanzibar, mkafukuza pomboo, mkairudisha ina chumvi kwenye tundu la spika, mkaapa haijawahi kuona hata bomba la mvua. Uongo huo haumkomoi tajiri. Unampa fundi sababu ya kutomwamini binti wa kesho, anayesema kweli.

Sheria mnayo. Sheria ya mauziano ya bidhaa, Kenya na Tanzania, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na picha ya mwogeleaji ni maelezo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na fidia pale anapoumizwa. Tanzania ina Tume ya Ushindani kwa sheria ya 2003. Lakini nani atafunga kibanda chake cha chipsi siku nzima akashtaki kwa ajili ya saa ya laki mbili na nusu? Mnalijua hilo vizuri kuliko mawakili. Ndiyo maana siwatishi kwa mahakama.

Nawajia kwa upande mnaoupenda. Mwezi wa Ramadhani mnafuturisha mtaa mzima. Kwenye harambee ya kanisa majina yenu yanasomwa kwa kipaza sauti, bahasha inainuliwa juu, watu wanapiga vigelegele. Ndani ya bahasha hiyo kuna laki mbili na nusu za binti wa Mbagala. Analijua duka lenu, mnamjua kwa sura, na namba yake ya simu iko kwenye daftari lenu la wateja. Mpigieni leo kabla hamjafunga. Mrudishieni pesa zake pamoja na nauli, kisha ndipo mje na bahasha.