Deni la Mtazamaji

Anayetembea kwa miguu kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Kariakoo hupita, kwa saa chache tu, kwenye milango ya dini nyingi. Barabara ya Sokoine lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, na jirani yake kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye vigae vyekundu. Kisutu kuna mahekalu ya Wahindu. Ukivuka Mnazi Mmoja unaikuta misikiti ya Kariakoo: Mtoro, Idrisa, Manyema. Kati ya mlango na mlango kuna chakula, na matembezi ya kuona na kuonja yamekuwa biashara. Swali ni la zamani kuliko biashara hiyo: mtu asiyeabudu humo, aliyekuja kutazama, kula na kwenda zake, ana haki gani ya kuingia, na akitoka anadaiwa nini?

Haki ya kutazama kutoka nje haina ubishi. Mnara uliojengwa mbele ya bandari ulikusudiwa uonekane, na adhana haimchagui msikilizaji. Ugumu unaanzia ndani. Aliyepiga magoti au aliyesujudu hakuja kuonwa. Yuko mbele ya Mola wake. Anayempiga picha katika hali hiyo anachukua kitu ambacho hakupewa, hata kama mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemkataza. Kuvua viatu, kujisitiri na kukaa nyuma ni adabu za lazima, lakini zinatimiza sehemu ndogo tu ya deni.

Dini zenyewe zimelishughulikia suala hili kwa kuanza na mwenyeji. Katika Uislamu msafiri hupunguziwa sala na huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani kisha alipe siku hizo baadaye. Msafiri aliyekwama ni mmoja wa makundi manane yanayostahili zaka. Hadithi za Mtume zinampa mgeni siku tatu za kukirimiwa, na zinazozidi hapo ni sadaka. Papo hapo zinamkataza mgeni kukaa mpaka akamtaabisha mwenyeji. Waraka kwa Waebrania unawakumbusha Wakristo kwamba wapo waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Upanishadi za Wahindu zinaagiza mgeni atendewe kama mungu. Mafundisho haya yote yanamwangalia mgeni kama mtu mwenye njaa na uchovu, na ndiyo maana ukarimu wake unaanzia kwenye chakula.

Hapo ndipo kula kunapopita kutazama. Anayetazama anabaki na sheria zake mwenyewe. Anayekula anaingia katika sheria za mpishi. Kwenye migahawa ya Kihindu ya katikati ya jiji mgeni anakuta dengu, chapati, mboga za viungo na mtindi, bila kipande cha nyama, kwa sababu mwenye jiko anaona kuua mnyama ni jambo zito. Mfuasi wa dini ya Ujaini anakwenda mbali zaidi: hali viazi, vitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyomo udongoni. Anayepewa sahani ya namna hiyo ameonyeshwa fundisho la kutodhuru kwa ukaribu ambao sanamu ya hekaluni haiwezi kuufikia. Mishkaki ya jioni nayo imetoka kwa mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mungu, jambo ambalo mlaji asiye Mwislamu huenda hakulifikiria kabisa. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya majiko ya Waislamu hayawashwi mchana. Mgeni mwenye njaa saa saba anajifunza kungoja magharibi, ambapo uji, tende na magimbi hutolewa kwa wote.

Pingamizi zito ni la fedha. Muuzaji si mwenyeji, na aliyelipa hadaiwi. Venice imeifuata hoja hiyo kwa vitendo: mwaka 2024 ilianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku maalumu, na deni likageuka tiketi. Jiji lililoelemewa na wageni haliwezi kulaumiwa kwa kujikinga, lakini hoja yenyewe inapwaya. Muuza kahawa wa Kariakoo ana dele juu ya makaa, vikombe vidogo vinavyosuuzwa kwenye ndoo, na kashata za karanga pembeni. Bei anayotaja ni ya kahawa. Nafasi kwenye benchi, salamu ya wazee waliokaa hapo, na ruhusa ya kusikia wanavyobishana juu ya mpira, siasa au mawaidha ya Ijumaa havina bei, wala hakuna njia ya kuvilipia.

Kinachoweza kurudishwa ni ushahidi wa haki, na pwani hii ina mfano wake. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331 akielekea Kilwa, alilala Mombasa usiku mmoja tu. Alichosimulia ni kifupi na kina uangalifu mkubwa. Alitaja ndizi na samaki, ambao ndio waliokuwa chakula kikuu cha watu, na nafaka iliyoletwa kutoka ng'ambo. Kuhusu misikiti ya mbao, alisifu ufundi wake, kisha akaeleza kwa kirefu zaidi visima vifupi vya mlangoni, chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji, na kipande cha mkeka mnene ambacho watu waliosafisha miguu walijipangusia kabla ya kuingia. Hayo huyaona mtu aliyeinama pamoja na wenyeji, akasafisha miguu yake mahali waliposafisha yao.