Blanketi Lililobaki Nusu



Hapa kwetu Nyeri, baridi ya Julai haimhurumii mtoto mchanga. Ndiyo maana mama akijifungua, akina mama wa jumuiya huja kumwona wakiwa na uji, na pengine mmoja wao huleta blanketi alilolifuma mwenyewe kwa kroshia. Leo nataka niwasimulie habari za blanketi moja la namna hiyo. Lilinifundisha mimi, katekista, jambo nisilolijua katika ndoa yangu mwenyewe.

Mimba yetu ya kwanza ilipofika miezi sita, mke wangu alinunua nyuzi nyeupe sokoni Karatina akaanza kufuma. Mtoto wetu, msichana, alizaliwa akiwa amekwisha kufariki. Tulipotoka hospitalini nilimwambia mke wangu, "Tusilitaje jambo hili tena. Mungu atatupa mwingine." Nilidhani hiyo ndiyo imani. Yeye alilikunja blanketi lile la nusu, sindano ikiwa bado ndani ya kitanzi cha mwisho, akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Mungu alitujalia watoto wengine watatu. Lakini kila mwaka ulipofika mwezi ule, mke wangu alikuwa kimya, nami nikamlaumu kwamba ananuna bila sababu.

Ilipita miaka 14. Mke wa kijana mmoja jirani alipopata mimba, mke wangu alilitoa blanketi. "Nataka kulimaliza nimpe," akasema. Nyuzi za zamani zilikuwa zimegeuka manjano kidogo, akanunua mpya. Jioni aliniomba nishike uzi kwa mikono miwili ili auzungushe kuwa donge. Nikiwa nimefungwa mikono hivyo, sikuweza kukimbilia gazeti wala redio. Nikamwuliza, "Bado unamkumbuka?"

Akajibu, "Miaka yote hii namwita kwa jina la mama yako, kama ilivyo desturi yetu. Ila kimoyomoyo."

Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata huzuni ikifichwa huigharimu nyumba. Tuliahidiana mbele ya altare kuwa pamoja katika raha na taabu, nami taabu ile nilimwachia mwenzangu aibebe peke yake.

Someni 1 Samweli 2:19. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea, ingawa mtoto hakukaa tena nyumbani kwake. Mama hamwondoi mtoto moyoni kwa sababu hamwoni. Nanyi mliowapoteza watoto kabla ya Ubatizo, msiishi kwa hofu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, yatufundisha kuwakabidhi kwa huruma ya Mungu na kutumaini kwamba iko njia ya wokovu kwao.

Basi wewe mume, usimwamuru mkeo asahau. Keti naye, msikilize. Nawe mke, usingoje mumeo akisie; mwambie. Huenda naye analia ndani kwa ndani.

Nilipomtazama akifuma nilijifunza jambo jingine. Akikosea, alifumua safu ile moja tu, kisha akaendelea. Hakulitupa blanketi zima. Tungefanya hivyo katika magomvi yetu, nyumba ngapi zingepona!

Na mkitaka kufuma zawadi kama hiyo, chagueni nyuzi laini zinazofulika vizuri. Mishono iwe ya karibukaribu, maana vidole vya mtoto hunaswa katika matundu makubwa. Lifueni kabla ya kulitoa, na mtoto asifunikwe uso.

Mke wangu alimweleza kwanza yule mama kijana historia ya blanketi, asije akalipokea bila kujua. Alilipokea kwa mikono miwili. Nusu yake ina weupe wa zamani, nusu ina weupe mpya, na mtoto amelala ndani yake.

Mwenyeheri Irene Stefani, ambaye watu wetu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na aliyetangazwa Mwenyeheri hapa Nyeri mwaka 2015, aziombee familia zetu.

Maswali ya kuzungumza mume na mke:
1. Je, kuna huzuni ambayo hatujawahi kuizungumza?
2. Ni safu gani ya ndoa yetu inayohitaji kufumuliwa na kuanzwa upya?
3. Ni nani katika jumuiya yetu anayehitaji kazi ya mikono yetu?