Tandiko Mgongoni

"Baada ya kusikia huo mlio, mzee, uliendelea kulitumia gari?"

Kijana wa mapokezi katika karakana ya wakala, Mwanza, aliuliza bila kuniangalia, kalamu iko tayari juu ya fomu. Nikajibu ndiyo. Ningesemaje? Nimetoka nalo Kharumwa, nimepita nalo Sengerema, nimesubiri kivuko Busisi nimekaa ndani yake. Akaandika: "Mteja ameendelea kutumia." Maneno matatu tu, na hayajanitoka mpaka leo.

Ni pikapu ya kebini mbili, mpya kabisa, viti bado vina nailoni zake. Nililipa taslimu, jasho la misimu minne ya mpunga. Huku kwetu Nyang'hwale gari jipya ni nadra. Karibu sote tunanunua yaliyokwisha kutembea Japani, na ukinunua hayo unanunua na dhambi zake: fundi anachungulia chini, anapiga tairi teke, bei inashuka kwa kadiri ya ubovu, mnapeana mikono. Mimi nilikuwa nimechoka na dhambi za wengine.

Kwenye kilomita 1,900, mbele upande wa kushoto pakaanza kugonga kila tairi ikiingia shimoni. Wiki mbili baadaye taa ya injini ikawaka, gari likawa linapanda mlima kama punda mgonjwa. Fundi wetu wa chini ya mwembe alilala kwenye vumbi, akatikisa gurudumu mara mbili, akatoka akijipangusa. "Boljointi hiyo, baba. Hiyo taa siijui, lakini boljointi nakutolea sasa hivi." Haikuwezekana. Kitabu cha waranti, miaka mitatu au kilomita 100,000, kinasema mkono wa fundi wa nje ukigusa, dhamana imekwisha. Basi anayejua haruhusiwi kugusa, na anayeruhusiwa yuko ng'ambo ya ghuba.

Safari ya kwanza waliifuta taa kwa kompyuta. Ilikaa siku nne, ikarudi. Safari ya pili, ile ya fomu, wakaniambia kugonga ni "tabia ya gari". Nilipobisha wakasema ni "barabara zenu". Kauli hizi mbili haziwezi kulala nyumba moja. Kama ni tabia yake, barabara imeingiaje? Na kama ni barabara, pikapu iliundwa kwa barabara za nani? Siku ya kununua nilimweleza muuzaji kazi yangu: nabeba mpunga, kiangazi vumbi, masika tope. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inalijua jambo hilo: ukimweleza muuzaji kazi unayokitakia kitu, ukategemea ujuzi wake, kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo.

Lakini si sheria iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba kijana yule alikuwa na hoja. Niliona kasoro, nikaendelea kuendesha. Je, mguu wangu kwenye mafuta ulikuwa unasema "nimeridhika", hata kama mdomo ulikuwa unalalamika?

Kuna jambo jingine ambalo fomu haikuuliza. Kijiweni waliponiuliza gari liko wapi, nilijibu "sevisi". Mara ya pili nikajibu hivyo hivyo. Gari jipya haliharibiki. Likiharibika watasema nimepigwa, au nimelipata kwa njia zake. Nikawa namsitiri muuzaji. Neno letu "aibu" limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kasoro yenyewe: ya mbuzi, ya nguo, ya kitu chochote kinachouzwa. Lilipofika kwetu likahamia usoni kwa mtu. Wao wameuza aibu, nami ndiye niliyeiona.

Nikampelekea Maalimu suala langu baada ya isha. Sisi tunafuata madhehebu ya Shafi, naye akafungua Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mlango wa kurudisha kitu chenye aibu. Hukumu ni kali. Ukiigundua kasoro, rudisha papo hapo. Ikikukuta kwenye sala au kwenye chakula, maliza. Ikikukuta usiku, subiri kuche. Na uache kutumia. Hata ukimwacha mnyama na tandiko lake mgongoni, haki yako imeanguka. Nilihisi Nawawi amekaa pale kaunta, bega kwa bega na yule kijana.

Hekima yake naiona. Nimekulia kwenye minada ya ng'ombe. Mtu hununua dume, akalilimia plau msimu mzima, kisha akalirudisha mnadani eti lina kwato mbaya. Mdomo wa mnunuzi nao una ujanja wake. Mikono ndiyo shahidi mzuri zaidi.

Hata hivyo nilibisha, kwa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikataza mtindo wa kumwacha mnyama bila kumkama ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyemnunua, akishamkama, ana hiari: amshike, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tende ni kwa ajili ya maziwa aliyoyapata. Nikamwambia Maalimu, huyu ametumia, na matumizi hayakuua haki yake; yalipigiwa hesabu tu. Mimi niko tayari kulipa tende zangu.

"Huyo alikama ndipo akajua," akasema. "Wewe ulijua, ukaendelea kukama."

Sikuwa na jibu. Nikamtupia habari ya mdogo wangu, anayenunua mawe ya dhahabu kwa kiroba kwenye karasha. (Maalimu ana maneno yake kuhusu biashara hiyo, tuyaache.) Anasaga mawe kidogo, anaosha kwenye karai, anakisia, analipa. Kiroba kikitoa vumbi tupu, harudi kwa muuzaji wala hanuni, kwa kuwa muuzaji naye hakuliona tumbo la jiwe. Wote wawili wamekisia gizani. Wakala hayuko gizani. Yeye amefungua magari mengi ya aina hii, mimi nimefungua mlango wa hili moja. Anayejua akisema "ni tabia yake", mimi nisiyejua nikaendelea kuendesha, ridhaa hiyo ni yangu au ameniandikia yeye?

Maalimu alinyamaza muda, akarudi kwenye kitabu. Kumbe Nawawi hakuishia kwenye tandiko. Mnyama akiwa mkorofi, haswagiki wala hakokoteki, mnunuzi ana udhuru kumpanda ili amrudishe.

"Gari lako linaswagika?" Maalimu akacheka.

Nami nikacheka, nikijiona nimeshinda. Ndipo akauliza: "Na yale magunia kumi uliyopeleka Kahama katikati? Nayo ulikuwa unayarudisha kwa wakala?"

Hapo nilikamatika. Safari za Mwanza zilikuwa za kurudisha. Ya Kahama ilikuwa faida, na faida nilikula.

Safari ya tatu nilipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025: kilomita tatu juu ya maji, dakika chache mahali nilipozoea kupoteza nusu siku. Nyuma hapakuwa na kitu, hata turubai. Boljointi walibadilisha. Ya taa wakasema kifaa kinaagizwa, nilichukue gari nisubiri simu, na wakanipa fomu niweke sahihi. Pembeni, karibu na idadi ya kilomita, nikaandika: "Naliendesha ili nilifikishe nyumbani na kulirudisha. Sijaridhia."

"Mzee, hapo si mahali pa maelezo," kijana akasema.

"Nimepaona, kijana. Ndiyo maana nimeandika pembeni."

Sijafika Sengerema taa ikawaka. Nikasogea kando ya barabara, na simu ikaita kutoka Nyijundu: magunia kumi yako tayari, mnunuzi wa Kahama anasubiri, wingu limetanda. Nikamwambia aliyepiga kwamba nitampigia. Nikabaki nimeshika usukani, naitazama taa, simu ikaita tena.