Je, Aliyemlea Mtu Aweza Kumwuza?



Siku hizi si ajabu kuwasikia vijana wetu hapa Qurus wakisema kwamba klabu fulani imemwuza mchezaji fulani na klabu nyingine imemnunua. Husema hivyo bila kusita, kama vile sisi tusemavyo kwamba jirani ameuza gunia la mbaazi. Hata wazee tunaosikiliza redio jioni tumelizoea neno hilo. Lakini neno "kuuza" linapowekwa karibu na neno "mtu", yafaa tusimame kidogo tufikiri. Katika ukurasa huu twataka kuuliza jambo moja: je, mwenye kumlea mtu na kumfundisha ana haki ya kumwuza? Na kama hana, basi haki yake ni ipi?

Uko mchezo mmoja wa kompyuta unaolionyesha swali hili waziwazi. Unaitwa BuzzerBeater, ulianza mwaka 2007, nao huchezwa kwa intaneti na watu wa nchi nyingi. Anayeucheza harushi mpira. Hupewa klabu ya mpira wa kikapu yenye wachezaji wa kubuni, naye huwa meneja wao. Kila wiki huchagua zoezi la kuwafundisha. Zoezi humfaa yule aliyepewa dakika za kutosha uwanjani katika nafasi inayofundishwa. Akaaye benchi haongezi kitu. Kijana wa miaka 18 hujifunza upesi kuliko mtu wa miaka 28. Msimu ni wiki chache tu, na kila msimu mchezaji huongezewa umri wa mwaka mmoja. Akishaiva, meneja humtia mnadani, mameneja wengine hupandisha bei, na mwenye bei ya juu humchukua. Wako wanaoendesha klabu zao kwa njia hiyo: hununua vijana kwa bei nafuu, huwafundisha misimu kadhaa, huwauza kwa faida, kisha huanza upya.

Mfugaji wa Karatu ataielewa kazi hii mara moja. Hununua ndama aliyekonda, humlisha, humwogesha dawa ya kupe, hungoja. Ndama akiwa mtamba mzuri, humswaga mpaka mnadani. Hapo hakuna kosa, maana faida ile ni malipo ya jasho na subira. Tena mchezo wenyewe una mafunzo mema. Hufundisha kungoja. Hufundisha kutotumia kupita pato, kwa kuwa mchezaji akiongezeka ustadi, mshahara wake hupanda pia. Na sisi tuliotumia miaka yetu kufundisha walimu twaipenda hasa ile kanuni ya dakika. Mwanachuo hawi mwalimu kwa kusikiliza mihadhara peke yake. Huwa mwalimu anaposimamishwa mbele ya watoto, chaki mkononi, hata kama sauti inatetemeka.

Basi ubaya uko wapi? Hauko katika kuuza wachezaji wa kubuni. Katika bao twala kete za mwenzetu, wala hakuna aliyeungama dhambi hiyo. Hatari iko katika mazoea. Mchezaji wa kubuni haulizwi lolote. Hana mama anayemngoja, hana lugha anayoikosa ugenini, hasemi "sitaki". Mtu akizoea kuamua juu ya wale wasiojibu, aweza kushangaa siku mtu wa kweli atakapomjibu. Tena mchezo humfundisha kumpima kijana kwa swali moja tu: huyu atauzika? Asiye na dalili ya faida hafundishwi, huachwa. Mwalimu akilichukua swali hilo na kuingia nalo darasani, watoto walio wazito wa kuelewa wamekwisha.

Jambo hili si la kubuni huko lilikotoka. Tumtazame Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kumi na mitano hivi, akafika mita 2.21 kwa urefu, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Mwaka 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Sote tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini mwaka 2011 Memphis ilimpeleka Houston katika mabadilishano ya wachezaji. Mwaka 2012 Houston ikampeleka Portland. Mwaka huohuo alifanya mkataba mpya na Oklahoma City, na mwaka 2014 klabu hiyo ikampeleka Philadelphia, ambayo ilimwacha baada ya siku chache bila kumchezesha mechi hata moja. Katika ligi ile mchezaji aghalabu huhamishwa pasipo idhini yake. Huambiwa tu, naye hufunga mizigo.

Wengine watasema, "Lakini alilipwa mamilioni ya dola. Nani kati yetu asingekubali kubadilishwa hivyo?" Hoja hii ina nguvu, wala tusiipuuze. Hatusemi kwamba mchezaji wa namna hiyo ni mtumwa. Mtumwa hakuwa na mshahara, wala mkataba wenye siku ya mwisho. Sisi Waanglikana tusilichezee neno hilo, kwa kuwa Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Lakini mali anayopata mtu baadaye haiwezi kutuambia kama alitendewa haki mwanzoni. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na mwisho wake akawa mkubwa katika Misri. Mema yaliyofuata hayakuufanya uuzaji ule kuwa mwema. Ndugu zake walilijua hilo, ndiyo maana waliogopa walipomtambua.

Huko Marekani yuko mchezaji aliyeikataa hoja ya fedha. Curt Flood alicheza besiboli katika klabu ya St. Louis, kwa mshahara wa dola 90,000 kwa mwaka. Mwaka 1969 aliambiwa kwamba amebadilishwa kwenda Philadelphia. Alikataa. Alimwandikia mkuu wa mchezo ule kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ikamshinda. Mchezo wake uliharibika. Lakini miaka michache baadaye wachezaji wenzake walipata haki ya kwenda watakako mikataba yao inapokwisha. Mshahara ulikuwa mzuri. Alichokosa ni kuulizwa.

Sasa tumgeukie mlezi, maana naye ana haki yake, na wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Klabu ndogo iliyompa mtoto viatu, nauli na mwalimu wa kumnoa haifai kuachwa mikono mitupu wakubwa wanapomchukua. Katika kandanda kuna kanuni ya FIFA kwamba mchezaji akihamia nchi nyingine kwa fedha kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mtazameni Mbwana Samatta. Alitoka African Lyon akaenda Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa kanuni ile, mtoto wa Mbagala anapohama kutoka Ubelgiji kwenda Uingereza, wale waliomlea utotoni hukumbukwa nao.

Twaiona kanuni hii kuwa na busara, kwa sababu inatofautisha ujira na bei. Ujira ni malipo ya kazi ya mlezi. Bei ni thamani ya kitu kinachomilikiwa. Mlezi anastahili ujira, lakini hana bei ya kutaja, maana hakumiliki alichokilea. Katika kandanda kinachouzwa hasa ni muda uliobaki wa ahadi ambayo mchezaji mwenyewe aliiweka saini, na hawezi kwenda klabu mpya mpaka naye akubali. Hapo tofauti yake na yule mtamba wa mnadani huonekana.

Lakini swali halijaisha, na hapa penye ugumu tusipapite mbio. Je, kutoulizwa ni kosa siku zote? Sisi walimu tulihamishwa kwa barua. Mtu alikuwa na shamba na watoto huku kwetu, akapangiwa kituo Lindi au Kigoma, naye akaenda. Na tumkumbuke Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hii hii, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna klabu iliyomwuza. Lakini mwaka 1976, dunia nzima ilipongoja kumwona Montreal akishindana na John Walker wa New Zealand, Tanzania iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Michezo ya Olimpiki, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alishinda medali ya dhahabu. Bayi alipata ya fedha mwaka 1980 huko Moscow, katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji.

Je, Bayi naye alitumiwa kama kete? Twaona sivyo, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa. Uamuzi ule haukumtia mtu yeyote faida mfukoni. Ulikuwa kwa ajili ya uhuru wa watu waliokuwa wakionewa, na nchi nzima iliubeba, si yeye peke yake. Hata hivyo twadhani nchi humwia mtu kama huyo deni la shukrani. Anayeombwa kutoa sadaka kwa ajili ya wengi asisahauliwe na hao wengi. Vivyo hivyo mwalimu aliyepelekwa mbali: alikwenda kwa sababu kulikuwa na watoto wasio na mwalimu, si kwa sababu mtu fulani alipata bei nzuri juu yake.

Haya yote yako karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wako wanaopita vijijini wakitafuta wasichana wa kazi za nyumbani kwa ajili ya Arusha na Dar es Salaam. Mtu wa kati hupewa chake, mzazi hupewa kidogo, na msichana husikia habari nguo zikiwa tayari zimefungwa. Wako pia wanaowaahidi wazazi kwamba watampeleka mtoto Ulaya akacheze mpira, mradi watoe kwanza fedha. Mzazi ajue kwamba kanuni za FIFA hukataza kumhamisha nchi nyingine mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria inayokataza usafirishaji haramu wa binadamu. Mzazi asiseme, "Nimemlea, kwa hiyo naamua." Amemlea, ndiyo; kwa hiyo ana haki ya kuheshimiwa na kusaidiwa uzeeni. Lakini kuondoka kwa mtoto kusiwe biashara ya mzazi.

Kwa hiyo hatuwaambii vijana waache mchezo wao. Wacheze, wajifunze subira na hesabu. Lakini wanapoletewa habari ya kumhamisha mtu halisi, awe mchezaji, mtumishi wa nyumbani au ndugu yao, wajiulize mambo matatu. Kwanza, mwenyewe ameulizwa, na jibu lake limesikilizwa? Pili, faida ni ya nani? Tatu, kama angekuwa hana soko, je, tungeendelea kumlea?

Swali hilo la tatu ndilo linalotugusa sisi walimu wastaafu. Wanafunzi wetu wengi hawakufika mbali wala hawakupata jina. Wanalima ngano na vitunguu, wanafundisha shule za msingi, wanaimba kwaya. Tuliwapa dakika zao uwanjani kama wengine, na tukikutana nao njiani hutupokea mizigo na kutuamkia. Huo ndio ujira tulioupata, nasi twauona umetosha.